Maganda Huenda, Maziwa Hurudi

Rael alinipigia simu asubuhi, nikiwa nimeketi karibu na dirisha la jikoni kwangu hapa Eldoret, nikimenya viazi. Hakuanza kwa salamu. Alisema tu, "Mwalimu, Mama ametuacha," na nyuma ya sauti yake nilisikia ng'ombe akilia. Nilimpa pole, nikamwuliza mazishi ni lini, tukaagana. Nilipoweka simu chini niligundua bado nimeshika ganda refu la kiazi, lile linalotoka lote bila kukatika, na sikujua niliweke wapi. Jikoni kwangu kuna pipa la maganda na pipa la vitu vingine, na wajukuu wangu wanajua nitafoka wakikosea. Lakini asubuhi ile mkono wangu haukuwa unatafuta pipa. Ulikuwa unatafuta ndoo ya bati iliyotundikwa kwenye nguzo ya ua wa michongoma, huko karibu na mji mdogo wa Ziwa, mahali nilipoishi mwaka mmoja tu wa ujana wangu na ambapo, nikisema kweli, sijawahi kuondoka.

Nilikwenda huko nilipomaliza shule, nikingoja kuitwa chuoni. Walikuwa wakihitaji mtu wa kufundisha darasa la tatu, wakanichukua bila cheti, na kuanzia siku ile nikawa Mwalimu kwa kila mtu, hata kwa wazee walioweza kunizaa. Nikapewa chumba katika boma la Mama Rael, mjane mrefu mwenye maneno machache na ng'ombe mmoja. Rael mwenyewe alikuwa shule ya bweni, na chumba kilikuwa chake. Kilikuwa cha mbao, kuta zimebandikwa magazeti ya zamani, nami nililala nikisoma bei za mahindi za miaka ambayo sikuwa nimeanza shule. Kati ya mbao na mbao palikuwa na nyufa. Moshi wa jikoni ulipitia hapo, na harufu ya vibuyu vilivyosuguliwa kwa mkaa wa mti kwa ajili ya mursik, yale maziwa lala ya kule, na mazungumzo pia yalipitia hapo. Siku hizi nikikumbuka mwaka ule siukumbuki kwa miezi. Naukumbuka kama ukungu wa asubuhi, na ndani ya ukungu sauti mbili za wanawake wasioonana.

Sauti ya kwanza ilikuwa ya Mama Rael, aliyekuwa akikamua upande wetu wa ua. Ya pili ilikuwa ya Mama Nekesa, jirani yetu, mwanamke Mbukusu mfupi, mchangamfu, aliyekuwa na kibanda cha chakula pale senta, penye maduka. Aliamka mapema kumenya viazi na ndizi za kupika, na maganda yote aliyafunga kwenye juala la plastiki, akalitundika kwenye nguzo ya ua. Mama Rael alilipasua, akamwagia ng'ombe, juala akalitupa kando, kisha akatundika kopo la maziwa pale pale. Biashara yao yote ilikuwa hiyo, na hata kuiita biashara ni kuitukana. Siku moja nilimwuliza Mama Rael mbona asiyauze maziwa yale kama mengine. Alinitazama kwa mshangao, kana kwamba nimemwuliza mbona asiuze mkono wake. "Maganda huenda, maziwa hurudi," akasema, akaendelea kukoroga chai.

Nilipenda kulala nikiwasikiliza. "Mulembe, Mama Rael," ilisalimu ile sauti ya upande wa pili kwa Kibukusu. "Chamgei," ikaitikia hii ya upande wetu kwa Kikalenjin. "Mbona maganda ya leo ni nyembamba hivi?" "Nimebadilisha kisu." "Rudisha ile ya zamani. Ng'ombe inalalamika." Hapo walicheka, kila mmoja upande wake, na kicheko kikapanda juu ya michongoma na kupotea kwenye mashamba ya mahindi. Nilikuwa msichana, nilidhani mapenzi ni kitu cha barua na kuvizia mtu njiani. Sikujua kwamba nilikuwa nikiyasikia kila asubuhi nikiwa chini ya blanketi.

Ng'ombe yule aliitwa Krismasi kwa sababu alizaliwa watu wakiwa kanisani wakiimba. Alikuwa mweusi mwenye kiraka cheupe usoni, na alikuwa na tabia ya kulamba chochote kilichomsogelea, awe mgeni, mti au mlango. Mvua za masika zilipopungua alianza kubadilika. Tumbo lake upande wa kushoto lilijaa na kukaza, huku mbavu zikihesabika. Akaacha kucheua. Mama Rael alimnywesha kila alichoambiwa: mafuta ya kupikia, magadi, majani chungu aliyochuma mwenyewe. Daktari wa mifugo alikuja, akamgonga tumbo kwa vidole, akasikiliza, akasema amechelewa kuitwa. Niliwahi kumkuta Mama Rael ameketi kwenye nyasi, kichwa cha ng'ombe mapajani, akimwimbia kwa Kikalenjin wimbo wa kubembeleza mtoto. Nilirudi nyuma polepole ili asinione. Krismasi alikufa saa ya kukamuliwa, na maziwa ya mwisho yalikuwa hayajafika hata nusu ya kopo.

Mchinjaji aliitwa ampasue, watu wajue kilichomuua. Nilikuwa nimesimama na wengine wakati alipoingiza mikono yote miwili tumboni na kutoa kitu ambacho hakuna mtu pale aliyewahi kukiona. Kilikuwa tufe la kijivu, gumu, kubwa kupita mtungi wa maji, limejisokota na kujikaza. Na kote juu yake palichomoza mafundo. Mafundo halisi, yaliyofungwa na vidole vya mtu. Wanawake walirudi nyuma. Mchinjaji aliliweka chini taratibu, akafuta mikono yake kwenye majani mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Siku hizi kila mtoto wa kule anajua ng'ombe humeza majuala. Wakati ule hatukujua, na mtu asipojua jambo hulipa jina la kile anachokiogopa.

Jioni ile, kupitia nyufa za ukuta, nilimsikia Mzee Barnaba, mzee wa kanisa, akiongea jikoni kwa sauti ya chini. "Mama, hiyo kitu iko na mafundo. Ng'ombe haifungi mafundo." Nilisikia kuni zikisukumwa. "Ni nani alikuwa anakuletea maganda?" Kifuniko cha sufuria kikagonga. "Si ni huyo?" "Ni jirani yangu," alisema Mama Rael hatimaye. "Alikuwa," alisema Mzee Barnaba. "Ijumaa tutaomba, halafu tuchome hiyo kitu. Usiongee na yeye kwanza." Nilingoja Mama Rael aseme neno. Nililala nikingoja. Mpaka leo sidhani aliamini kweli. Nadhani alikuwa na uchungu mkubwa kuliko yeye mwenyewe, na mtu wa namna hiyo hushika hata miiba.

Asubuhi iliyofuata ile sauti ya ng'ambo ilikuja kama kawaida, ila chini kidogo. "Mulembe, Mama Rael. Pole kwa ng'ombe." Upande wetu hakuna aliyejibu. "Mama Rael?" Nilimwona kupitia dirishani, amesimama hatua chache kutoka kwenye ua, jagi mkononi, akitazama ardhi. Kisha akageuka akaingia jikoni. Kesho yake sauti haikuja tena. Nilikuwa nikiamka saa ile ile, naangalia dari ya mabati, nangoja, na hakuna aliyelalamika kuhusu maganda.

Nilikuwa nikila chakula changu cha mchana kwenye kibanda cha Mama Nekesa kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu na shule. Wiki ile nilikula peke yangu. Mabenchi yalikuwa yamefutwa vizuri na hayana mtu, na sufuria ya maharagwe ilikuwa imejaa hadi juu. Aliniwekea sahani, akaketi mbele yangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Unakula kwangu na huogopi?"

"Naogopa njaa tu, Mama."

Alitabasamu kidogo, halafu uso ukazimika. Aliniambia Jumamosi kulikuwa na lori la mahindi linaloelekea Kitale, na ameomba nafasi ya vyombo vyake na watoto. Angerudi kwao, kwa watu ambao tayari walikuwa wamegawana shamba. "Nikienda nikiitwa mchawi, jina litafika kabla ya lori," alisema. Alichukua kijiko changu akakifuta ingawa kilikuwa safi. "Hawa wengine waseme. Midomo ni yao. Kinaniuma ni yule mmoja amenyamaza." Nilimaliza maharagwe yote, nikaomba sahani nyingine.

Ijumaa ilipofika boma letu lilijaa. Ukungu ulikuwa haujainuka vizuri, watu wamejifunika shuka na makoti, na katikati yao, juu ya jani la mgomba, lilikuwa lile tufe. Mzee Barnaba alikuwa na Biblia mkono mmoja na chupa ya mafuta ya taa mwingine. Walikuwa wameshaimba ubeti wa kwanza wakati Mama Nekesa alipopita katikati yao akiwa amebeba karai kichwani. Maji yalikuwa yakimwagika mabegani mwake. Alilitua chini karibu na tufe, akapiga magoti, akakunja mikono ya sweta.

"Usiguse hiyo kitu!" alisema Mzee Barnaba.

"Kama ni mimi nilifunga," alisema Mama Nekesa, "si ni mimi nitafungua?"

Watu waliguna. Mzee alifungua kinywa tena, na hapo Mama Rael, ambaye hakuwa amesema neno la maana siku zote zile, akasema kutoka mlangoni mwa jikoni, "Mwacheni."

Mama Nekesa alilitumbukiza karaini. Alilisugua, akalivuta, akalibembeleza, na harufu iliyotoka iliwarudisha watu wote nyuma isipokuwa yeye. Maji yakawa meusi, akamwaga kando, akaomba mengine, na nilikuwa mimi niliyekwenda kuteka. Kisha kipande cha kwanza kikaachia. Akakikunjua hewani. Lilikuwa juala, limekunjamana, likichuruzika maji, na bado ungeweza kuona michirizi yake ya buluu. "Hii ni yangu," akasema kwa sauti, akaliweka kando. "Hii pia ni yangu, nilibebea maganda ya ndizi." Watu wakatazamana. Akakunjua la tatu, jekundu, akaligeuza huku na huku. "Hii si yangu."

"Ya mkate wa Jumapili hiyo," alisema mwanamke mmoja nyuma yangu. "Ni sisi tu tunanunua..." Akajiziba mdomo.

Sijui kama kuna aliyezoea kuota ndoto ambamo nyumba zote za kijiji zinatoka ndani ya kitu kidogo. Mimi niliiona nikiwa macho. Likatoka juala la sukari, la duka la mbegu, la wali wa harusi ambayo sote tulihudhuria, la maziwa ya pakiti, la kiwi, ile rangi ya viatu. Kila moja lilipokunjuliwa palikuwa na mtu aliyeshusha macho. Kisha likaja juala la nailoni, jeupe, jembamba, lenye utepe wa kijani umefungwa pembeni. Sote tulilijua. Ndilo Mzee Barnaba alilokuwa akifungia Biblia yake ili isilowe njiani. Hakuna aliyecheka kwanza. Mzee aliitazama Biblia yake, ikiwa imefungwa juala jipya lenye utepe kama ule, kisha akaiweka chupa ya mafuta ya taa chini, nyuma ya mguu wake. Hapo mtoto mmoja alicheka, na wakubwa wakakohoa.

Lililokuwa katikati kabisa, ambalo mengine yote yalikuwa yamejizungushia, lilikuwa la njano. Mama Nekesa alilinyoosha kwa kidole kimoja, taratibu, akaona tundu dogo lililochomwa na cheche ya moto pembeni. Hakusema ni la nani. Alilishika tu, akiwa amepiga magoti, akitazama karai. Nami nilikuwa nimemwona Mama Rael akitoka na juala lile kichwani, juu ya kitambaa, kila siku ya mvua nilipokuwa bado mgeni pale.

Mama Rael alikuja polepole. Alilichukua, akalinusa, jambo ambalo nisingeweza kulifanya hata kwa kulipwa. "Iliharibika," akasema, "nikaanza kuwekea chumvi ya ng'ombe. Alikuwa anailamba. Nikaitundika hapa, upepo ukaichukua." Aliangalia rundo lote lile. "Hii ndiyo ilitangulia. Hizi zingine zilikuja kuifuata." Kisha mwanamke yule mrefu akaketi kwenye tope kando ya karai mbele ya watu wote, na machozi yakamtoka bila sauti. Nililia pia. Nililia zaidi ya siku ng'ombe alipokufa.

"Nilinyamaza," alisema Mama Rael.

"Ulinyamaza sana."

"Ndio."

Mama Nekesa akamsogezea ncha ya rundo lililobaki. "Shika huku, tukamue."

Hakuna kilichochomwa siku ile. Nani angechoma, na kila mtu ana lake pale? Waliyasuuza majuala yote, wakayaanika juu ya ua wa michongoma, na ukungu ulipoinuka ua wote ulikuwa mwekundu, wa buluu, wa njano, ukipepea polepole. Ulikuwa mzuri, na uzuri ule ulitutia aibu. Jumamosi lori la Kitale lilikuja, likapiga honi pale kibandani. Mama Nekesa alimpelekea dereva mandazi mawili kwenye sahani, akamwambia aende salama, na sahani airudishe akipita.

Lakini tungefanya nini na vitu vile? Kutupa ni kumtegea ng'ombe mwingine. Mama Nekesa alijua kusokota kamba za katani, akajaribu kuyakata majuala vipande virefu na kuyasokota vivyo hivyo. Kamba ya kwanza ilimfunga ndama wa Krismasi, aliyeitwa Pasaka ili asimwonee wivu mama yake. Baada ya hapo kila Ijumaa wanawake walipita nyumba kwa nyumba. Sheria ilikuwa moja, na Mama Rael aliisema kila mlangoni kwa uso wa hakimu: maganda kwenye ndoo, majuala kwenye gunia, na asifunge mtu kitu cha kuliwa ndani ya kitu kisicholiwa. Wanaume waliwacheka. "Sasa mnaosha takataka? Kesho mtaipaka mafuta?" Mama Nekesa alimjibu mmoja kwamba ataanza na yeye, maana ndiye anayehitaji zaidi. Mimi niliwatoa watoto wa darasa la tatu tukaokota kando ya kijito, na walipokuwa wakiimba wakirudi niliwaza kwamba labda nitakuwa mwalimu kweli. Hata Mzee Barnaba alichangia gunia lake, usiku-usiku, akidhani hatutalitambua.

Na pale kwenye nguzo ya ua, badala ya juala, ikatundikwa ndoo ya bati. Ndoo ilikuja na maganda, na Mama Rael alipoazimwa ng'ombe wa kukamua na ndugu zake, kopo likarudi na maziwa. Sauti zilirudi pia, kwa haya kidogo mwanzoni, kisha kwa nguvu zote. Mwaka ulipoisha niliitwa chuoni. Walinifumia kikapu cha majuala, wakasokotea ndani yake, mahali ambapo hapaonekani kwa urahisi, ukanda mmoja wa njano. Ninacho bado. Rangi imefifia kidogo tu.

Tulimzika Mama Rael Ijumaa. Palikuwa na ukungu. Rael, ambaye sasa ana mvi, alisimama getini akivua nailoni kwenye kila shada la maua kabla halijafika kaburini, kwa amri ya mama yake, na wageni kutoka mjini walishangaa. Mhubiri alisema wema hauozi. Mama Nekesa alikuwa kando yangu kwenye kiti cha plastiki, mdogo, amejikunja, macho yameingia ukungu wake mwenyewe. Aliniinamia. "Hata hii kiti haiozi," akaninong'oneza, na nikalazimika kujificha nyuma ya leso. Hakulia kaburini. Alitupa udongo wake, akasema anaenda kwake mara moja, na hakutaka kusindikizwa.

Chakula kilipoanza kuandaliwa nilikwenda nyuma ya nyumba, karibu na zizi, kutafuta pumzi. Rael alikuwa huko, amesimama na jagi la maziwa ambayo hakuwa amepata nafasi ya kuyapeleka jikoni. Ng'ombe, mmoja wa uzao wa Krismasi labda, alikuwa amefungwa kwa kamba ya rangi nyingi. Tukasikia miguu ikiburuta upande wa pili wa michongoma, kisha ndoo ya bati ikainuka taratibu, ikatundikwa kwenye nguzo. Ilikuwa imejaa maganda ya viazi. Walikuwa wamemenya magunia kwa ajili ya waombolezaji.

"Mulembe, Mama Rael," ikasema sauti.

Sidhani alisahau. Nadhani alijua kabisa, na mdomo haukuwa na jina lingine la kuita mahali pale. Kikafuata kimya kile nilichokijua. Nilikisikia mara moja nikiwa msichana, na hakuna nilichokiogopa duniani kama kukisikia tena. Rael alinitazama. Kisha akalifikia kopo kwenye nguzo, akalijaza hadi juu, akalitundika.

"Chamgei," akasema. "Mbona maganda ya leo ni nyembamba hivi?"

Ng'ambo ya ua mtu alivuta pumzi ndefu, yenye machozi ndani yake.

"Nimebadilisha kisu," alisema Mama Nekesa, na mkono wake ukapenya kati ya miiba, ukachukua maziwa.